Ukirudi kutoka ng'ambo, anzia kwa ndugu yako

Kama unarudi kutoka safari ya nje na una kaka au dada anayekaa mji mwingine, pitia kwake kabla hujafika kwako. Usimwambie "nitakuja nikishatulia." Ukishafungua mlango wako, kazi zimelundikana, bili zinasubiri, nguo chafu zinasubiri, na ile wiki uliyomwahidi inakuwa mwezi, mwezi unakuwa mwaka. Nawajua ndugu wengi wanaopendana kwa dhati ambao wamebaki kusalimiana kwa simu miaka nenda miaka rudi kwa sababu hiyo tu. Mimi siku hizi nikikata tiketi ya kurudi, mji wa dada yangu mkubwa unaingia humo humo tangu mwanzo, na sijajuta hata mara moja.

Anza na tiketi, maana hapo ndipo mpango unapofaulu au kuharibika. Omba tiketi moja yenye vituo vyote: ulikotoka, kwa ndugu yako, kisha kwako. Kwenye safari za kimataifa mashirika mengi huhesabu kituo cha chini ya saa 24 kuwa ni kubadilisha ndege tu. Ukikaa zaidi ya hapo, unahesabiwa umepumzika njiani na nauli inaweza kubadilika. Uliza ni nyongeza ya kiasi gani, kisha linganisha na nauli ya kumwendea siku nyingine kutoka nyumbani. Mara nyingi utaona kwamba kupitia ni nafuu. Usijaribu ule ujanja wa kushuka katikati na kuacha kipande kilichobaki: shirika likiona hukupanda, kwa kawaida linafuta vipande vyote vinavyofuata, na begi lako nalo litakuwa limekwenda lilikoandikiwa.

Ukilazimika kukata tiketi mbili tofauti, acha muda mrefu katikati, ikibidi usiku mzima. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, shirika la pili halina wajibu wa kukutafutia nafasi nyingine. Na kama ndugu yako anaishi nchi tofauti na yako, angalia viza mapema, na uangalie pasipoti yako inaisha lini. Nchi nyingi hutaka iwe imebakiza angalau miezi 6.

Kwenye kaunta ya mizigo, usiondoke kabla hujaisoma tagi. Ile karatasi ndefu wanayoifunga kwenye mpini wa begi ina herufi tatu kubwa, na hizo ndizo zinazosema begi linapokelewa uwanja gani. Safari iliyopita niliinama nikasoma, nikakuta herufi za nyumbani kwangu, wakati mimi nilikuwa nashuka kwa dada. Nikamwambia kijana wa kaunta, akaing'oa, akachapa nyingine, akanibandikia risiti mpya nyuma ya pasi ya kupandia ndege. Haikuchukua hata dakika mbili. Tusingeona, zawadi za watoto zingetangulia nyumbani kwangu, nami ningefika kwao mikono mitupu.

Kwa sababu hiyo hiyo, chochote utakachokihitaji usiku wa kwanza kiweke kwenye begi la mkononi: dawa zako, nguo ya kubadilisha, chaja, na zawadi moja ndogo kwa kila mtoto. Pawabenki nayo ikae humo, kwani hairuhusiwi kwenye begi linalopakiwa chini. Isiyozidi Wh 100 (wati-saa, kipimo cha umeme inaotunza) kwa kawaida hupita bila maswali. Manukato na mafuta uliyonunua yaende chini, kwa maana viwanja vingi bado havipitishi chupa ya zaidi ya mililita 100 kwenye ukaguzi.

Begi lisipotokea kwenye mkanda, usitoke nje ya ukumbi ule hata kama unamwona ndugu yako akikupungia mkono kupitia kioo. Andikisha ripoti kwanza, uchukue namba yake, na uache anwani ya unakofikia, si ya kwako. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, unaotumika kwenye safari nyingi za kimataifa, unataka malalamiko ya begi lililoharibika yaandikwe ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea, na ya begi lililochelewa ndani ya siku 21. Watu wengi hupoteza haki yao kwa kuridhika kulalamika kwa mdomo.

Sasa mwili. Kama umevuka majira mengi ya saa, saa ya mwili wako itahitaji takriban siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na kwenda mashariki huchosha zaidi kuliko kwenda magharibi, kwa sababu mwili huona rahisi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Ukienda mashariki kwa safari isiyo ndefu sana, tafuta mwanga wa asubuhi. Ukienda magharibi, kaa nje jioni. Mimi humwambia dada kabisa: siku ya kwanza usinialikie watu. Naoga, tunakula pamoja, nazungumza na watoto, nalala. Ndugu wa kweli haoni vibaya ukimweleza mapema. Kinachouma ni kumwandalia mgeni karamu halafu mgeni anasinzia mezani.

Na kama kutoka uwanjani hadi kwake ni mwendo wa saa kadhaa kwa gari, usishike usukani wewe. Mtu aliyekaa macho saa 17 au zaidi huendesha vibaya kiasi cha kulinganishwa na aliyekunywa pombe. Lala karibu na uwanja, au aje mtu mwenye usingizi wa kutosha. Ninalisisitiza hili kwa wote ninaowapenda.

Kama kwa ndugu yako kuna mtoto mchanga au mjamzito, na wewe unakohoa au una upele, mpigie umwambie kabla hujafika. Ukipata homa baada ya kutoka eneo lenye malaria, nenda hospitali siku hiyo hiyo na useme ulikokuwa. Malaria inaweza kujitokeza wiki kadhaa, hata miezi, baada ya safari, na daktari asiyejua ulisafiri anaweza asiifikirie.

Hayo yote ni ya kukufikisha. Ukishafika, jambo kubwa ni kusikiliza. Unarudi na picha mia na hadithi za kila namna, na wenyeji wako kwa heshima watakuuliza za huko. Jibu, onyesha chache, kisha simu iweke chini. Aliyebaki ana habari zake, na nyingi hazijawahi kusemwa kwa simu. Mara nyingi ndiye aliyewapeleka wazazi hospitali, ndiye aliyehudhuria vikao vya familia, ndiye aliyepokea simu za usiku. Hawezi kukumwagia hayo mlangoni. Anahitaji kukuona umetulia.

Kwa dada yangu, mazungumzo ya kweli huja siku ya pili, tukiwa tunafanya kazi. Safari moja tulikuwa tunakunja nguo za watoto kitandani, kila mmoja na rundo lake. Akalinganisha ncha za shuka, akasema bila kuniangalia, "Mama ameanza kusahau majina. La kwako hajalisahau." Nilitaka kuuliza daktari amesema nini, wamepima nini, nani analipa. Badala yake nikamuuliza, "Na wewe, dada, unalala?" Akakaa chini. Tulizungumza mpaka watoto wakaja kuulizia chakula. Maswali ya daktari yalipata nafasi yake kesho yake, tukiwa na karatasi: nani ampigie daktari, nani achangie nini kila mwezi, shemeji asaidie wapi. Fedha na ugonjwa wa wazazi vinataka karatasi, lakini visiwe neno la kwanza.

Ndiyo maana nasema usikae usiku mmoja. Usiku mmoja mnapeana habari, na mambo mazito yanabaki yalipo. Lakini pia usikae mpaka ratiba ya watu ivurugike. Taja siku ya kufika na siku ya kuondoka kabla hujapanda ndege, na uziheshimu. Nyumba ina shule asubuhi, ina kazi, ina shemeji anayetaka sebule yake. Tandika ulipolala, osha vyombo bila kuombwa, na umpe ndugu yako angalau asubuhi moja ya kupumzika: wapeleke wewe watoto shule. Wangu huwa wanagombania nani amshike mkono mama mdogo, na njiani huniambia mambo ambayo mama yao hajayasikia bado.

Kabla ya kufunga begi, fungueni kalenda pamoja mkiwa bado mezani, mpange mtaonana tena lini na nani atamfuata mwenzake. Msiseme "tutaona." Andikeni mwezi. Sisi tumeshaandika wetu: zamu inayofuata ni ya dada kuja kwangu na watoto shule zikifungwa, na nauli tumekubaliana kuchangia nusu kwa nusu.