Brazzaville, Julai 1965

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ni mji gani uliowahi kuandaa michezo ya kimataifa ambao hautajwi inavyostahili?" Najua wengi watawaletea miji ya Olimpiki. Mimi nataja Brazzaville, mji mkuu wa Jamhuri ya Kongo, mji wa kwanza kuandaa Michezo ya Afrika, mwezi Julai 1965.

Kabla ya hapo michezo hiyo ilikuwa imekwama mara mbili. Pierre de Coubertin, Mfaransa aliyefufua Olimpiki, alitaka Afrika iwe na michezo yake, na mwaka 1923 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaliafiki wazo hilo. Ikapangwa ifanyike Algiers mwaka 1925, haikufanyika. Ikahamishiwa Alexandria, 1929. Huko uwanja ulijengwa hadi ukakamilika, kisha michezo ikafutwa siku zikiwa zimekaribia, kwa mkono wa wakoloni. Kila nikisoma habari hiyo naumia. Uwanja ulikuwepo na wakimbiaji walikuwepo. Kilichokosekana ni ruhusa tu, na aliyeishikilia ruhusa hiyo hakutaka kuona vijana wa bara hili wamekusanyika mahali pamoja.

Katika miaka ya kupata uhuru zikaja Antananarivo 1960, Abidjan 1961 na Dakar 1963, michezo ya Ufaransa na nchi zilizokuwa chini yake, ambayo baadaye iliitwa Michezo ya Urafiki. Kutoka hapo ndipo zikazaliwa za bara zima.

Brazzaville yenyewe haukuwa mji mkubwa. Uko ukingoni mwa mto Kongo, ukitazamana na Kinshasa, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ulikuwa makao makuu ya Ufaransa Huru ya Charles de Gaulle, yaani Wafaransa waliokataa kusalimu amri kwa Wajerumani. Agosti 1963 wafanyakazi waliingia barabarani kwa siku tatu, Rais Fulbert Youlou akang'oka. Kabla hata miaka miwili haijatimia, serikali mpya ya Alphonse Massamba-Débat ilikuwa inawapokea wanamichezo wapatao 2,500 kutoka nchi 30 hivi. Uwanja waliochezea ukapewa jina la Mapinduzi. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi haikuwa na nafasi pale.

Kipchoge Keino alikuwepo. Alichukua dhahabu ya mita 1500 na ya mita 5000, na mwezi mmoja tu baadaye, huko Helsingborg nchini Sweden, akavunja rekodi ya dunia ya mita 3000. Ulaya ilishangaa. Waliokuwa Brazzaville walikuwa wameshamwona.

Lakini kinachonivuta zaidi ni fainali ya soka. Wenyeji Kongo walikutana na Mali, wakatoka 0-0. Siku hizi tungekwenda kwenye penalti. Wao walihesabu kona! Timu iliyopata kona nyingi ndiyo iliyohesabiwa kuwa imeshambulia zaidi, na Kongo ikapewa dhahabu. Hebu fikiria namna Wamali walivyorudi kwao, hawajafungwa hata bao moja na kombe hawana. Mwaka 1972 timu hizo hizo zilikutana tena kwenye fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika huko Yaoundé, na safari hiyo Kongo ilishinda kwa mabao, 3-2. Naamini ushindi huo uliwafuta wengi manung'uniko ya kona, ingawa sidhani kama uliwafuta Wamali.

Michezo ya pili ilipangiwa Bamako mwaka 1969, mapinduzi ya kijeshi ya 1968 yakaizima, ikabidi isubiri Lagos 1973. Ndiko Filbert Bayi alikompita Keino kwenye mita 1500. Ikaendelea kuhama mji hadi mji: Algiers, Nairobi, Cairo, Harare na kwingineko.

Mwaka 2015, miaka 50 ilipotimia, michezo ilirudi Brazzaville. Safari hii serikali ilijenga uwanja mpya kabisa huko Kintélé, nje kidogo ya mji, wa watu 60,000. Mimi moyo wangu uko kwenye ule wa zamani. Massamba-Débat aliuawa mwaka 1977, baada ya kifo cha Rais Marien Ngouabi. Baadaye Uwanja wa Mapinduzi ukabadilishwa jina, na leo mchezaji anayeingia pale anaingia Uwanja wa Alphonse Massamba-Débat.