Kompyuta za Mfukoni Zisizotengenezwa Tena: Majibu kwa Wasomaji

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu historia ya kompyuta mpakato ilituletea barua nyingi, na jambo la kushangaza ni kwamba wengi wa walioandika hawakuziulizia kompyuta hizo, bali vile vifaa vidogo vilivyotangulia simu za kisasa, ambavyo vilikaa mfukoni au kwenye pochi na sasa vimelala kwenye droo. Tumechagua barua tano.

Ndugu Mhariri, nilitumia Psion Series 5 kwa miaka mingi, na mpaka leo simu yangu, ambayo ina nguvu kuliko kifaa kile mara nyingi sana, hainiridhishi ninapotaka kuandika. Watoto wangu wananicheka wakisema kwamba ninachokililia ni ujana wangu. Je, ni kweli?
*Mstaafu*

Hawajakosea kabisa, lakini kwa kifaa ulichokitaja wewe ndiye mwenye hoja nzito. Series 5 ilitoka mwaka 1997 ikiwa na prosesa ya ARM yenye kasi ya megahezi 18 hivi, kumbukumbu ya megabaiti 4 au 8, na skrini ya kijivu yenye nukta 640 kwa 240. Kwa vipimo hivyo haina la kujivunia mbele ya simu yoyote ya leo. Sifa yake ilikuwa kwingine. Mtu alipokifungua, kibodi ilitelezeshwa mbele huku skrini ikirudi nyuma na kuegemea, kwa hiyo uzito uligawanyika na kifaa hakikupinduka hata skrini ilipoguswa kwa kalamu. Vitufe vyake vilibonyea na kurudi kama vya kibodi kubwa, na aliyezoea aliweza kuandika kwa vidole vya mikono yote miwili. Usanifu huo uliongozwa na Martin Riddiford, ambaye zaidi ya miaka 20 baadaye alishiriki pia kuunda Gemini, kifaa kilichotoka mwaka 2018 kikiwa na kibodi ya namna hiyohiyo. Hiyo inaonyesha kwamba si wewe peke yako unayeikosa.

Kulikuwa na sifa ya pili ambayo waliozaliwa na simu za kugusa si rahisi kuielewa. Mfumo endeshi na programu za Psion vilikaa kwenye chipu ya kudumu, na kazi ya mtumiaji ilibaki kwenye kumbukumbu hata kifaa kilipozimwa. Ulipokifungua, kishale kilikuwa palepale katikati ya sentensi uliyoiacha jana, bila kusubiri, bila kuombwa nywila, na bila ujumbe wa mtu mwingine kukutangulia. Betri zake mbili za ukubwa wa AA zilihimili zaidi ya saa 20 za kazi, na zilipokwisha ulinunua nyingine dukani na kuendelea.

Hata hivyo tusiisifu Psion kupita kiasi. Skrini yake ilikuwa hafifu, na katika mwanga mdogo mtu alilazimika kukigeuzageuza kifaa ili aone alichoandika. Utepe mwembamba wa nyaya uliounganisha skrini na mwili ulijikunja kila kifaa kilipofunguliwa na kufungwa, na baada ya miaka kadhaa ulipasuka, skrini ikaanza kuonyesha mistari na hatimaye ikakatika kabisa. Wanao wangekiona kifaa chenyewe leo, huenda kasoro hizo ndizo wangeziona kwanza.

Kampuni ya Psion ilijitoa katika biashara ya kompyuta za mfukoni za watu binafsi mwaka 2001. Wakati huo mfumo wake, EPOC, ulikuwa umekwisha kuhamia Symbian, kampuni iliyoundwa mwaka 1998 na Psion pamoja na Nokia, Ericsson na Motorola, na kutoka hapo ukaendesha simu nyingi za Nokia za miaka iliyofuata. Kwa maneno mengine, programu za kifaa chako ziliendelea kuishi ndani ya simu za watu ambao hawajawahi kulisikia jina la Psion. Kilichokosa mrithi ni kibodi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hasara ya kweli. Waambie watoto wako kwamba unaikosa kibodi. Ujana ni habari nyingine.

Mhariri mpendwa, baba yangu alifariki mwaka uliopita. Kwenye vitu vyake tumekuta Palm III, nasi tunajua aliitumia kuandika mambo yake ya kila siku. Tumeweka betri mpya, imewaka, lakini inatutaka tuipime skrini kana kwamba ni mpya, kisha haina kitu. Je, maandishi yake yamepotea?
*Binti wa marehemu*

Poleni sana kwa msiba. Kwa bahati mbaya, yaliyokuwa ndani ya kifaa chenyewe yamekwenda. Palm za miaka ile zilihifadhi kila kitu kwenye kumbukumbu inayotegemea umeme wa betri. Wakati wa kubadilisha betri, akiba ndogo ya umeme iliyomo ndani iliweza kuilinda kumbukumbu hiyo kwa takriban dakika moja tu, kwa hiyo kifaa kilichoachwa mpaka betri zikafa kilijifuta chenyewe. Ombi la kuipima skrini ndiyo dalili yake. Hali hiyo ilibadilika mwishoni kabisa, kuanzia Tungsten T5 ya mwaka 2004, iliyotumia kumbukumbu isiyofutika betri zinapokwisha.

Lakini msikate tamaa mapema, kwa sababu Palm haikubuniwa kuishi peke yake. Iliwekwa kwenye kikalio chake kilichounganishwa na kompyuta, kitufe kikabonyezwa, na nakala ya kila kilichomo ikahamia kwenye kompyuta. Utaratibu huo uliitwa HotSync, na waliokuwa makini waliufanya karibu kila siku. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kompyuta aliyoitumia baba wakati ule iko wapi? Ikiwa bado ipo, hata kama haiwaki, diski yake inaweza kutolewa na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Tafuteni folda yenye jina la Palm. Ndani yake kutakuwa na folda nyingine yenye jina la mtumiaji, mara nyingi likiwa limefupishwa, na humo mtakuta folda za *datebook*, *address*, *todo* na *memopad*. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye maandishi ya kawaida. Ipo pia folda ya *backup*, yenye mafaili yanayoishia na *pdb*. Nakilini folda nzima kabla ya kufungua chochote, kisha mfanye majaribio kwenye nakala tu. Zipo programu za kuiga Palm zinazofanya kazi kwenye kompyuta za sasa, na mafaili ya *pdb* yakiingizwa humo, shajara hufunguka karibu kama ilivyokuwa mkononi mwa mwenyewe.

Angalieni pia diski za zamani alizohifadhi. Na kifaa chenyewe msikitupe, hata kikiwa kitupu: nyuma ya kifuniko au kwenye mkoba wake watu walikuwa na desturi ya kubandika karatasi yenye jina na nywila.

Kwa nini Newton ya Apple ilianguka na Palm ikafaulu, ilhali Newton ndiyo iliyotangulia na ilikuwa na uwezo mkubwa zaidi?
*Mwanafunzi wa uhandisi*

Kwa sababu Newton ilitaka kumwelewa binadamu, na Palm ikamwomba binadamu ajifunze kidogo. Newton MessagePad ya kwanza, iliyotoka mwaka 1993 kwa dola 699, iliahidi kusoma mwandiko wa kawaida wa mtu yeyote. Ilikosea mara nyingi kiasi kwamba ikawa kichekesho magazetini, na ingawa matoleo ya baadaye yalisoma vizuri zaidi, sifa mbaya ilikuwa imekwisha kuenea. Isitoshe, ilikuwa kubwa mno kwa mfuko wa shati. Apple ilisitisha utengenezaji wake Februari 1998.

Jeff Hawkins wa Palm alianza na mfuko. Kabla ya kuunda chochote alichonga kipande cha mbao chenye ukubwa aliouona unafaa, akatembea nacho, na mtu alipomwuliza kama ana nafasi siku fulani alikitoa kipande hicho na kujifanya anakagua ratiba. Pilot, kifaa cha kwanza cha Palm kilichotoka mwaka 1996, kwa bei iliyoanzia dola 299, ilipokea maandishi kwa alama zilizorahisishwa ziitwazo Graffiti. Herufi A, kwa mfano, iliandikwa kama V iliyopinduliwa bila mstari wa katikati, kwa mchoro mmoja wa kalamu, na kila herufi iliandikwa mahali palepale juu ya iliyotangulia. Wengi walizizoea alama hizo kwa muda mfupi, na kwa kuwa kila herufi ilikuwa na umbo lake mahususi, kifaa hakikuhitaji akili nyingi kuitambua.

Usiidharau Newton, hata hivyo. Apple ilipohitaji prosesa isiyokula umeme kwa ajili yake, ilishirikiana na kampuni za Acorn na VLSI kuunda kampuni ya ARM mwaka 1990, na usanifu wa prosesa wa kampuni hiyo ndio ulioendesha Psion ya ndugu yetu hapo juu, na ndio unaoendesha karibu simu zote za leo. Kama mhandisi mtarajiwa, hapo ndipo ningekushauri uanze kusoma.

Nimechoka kuandika kwenye mashine inayonipigia kengele kila dakika. Je, kati ya vifaa vya zamani, kipo ambacho bado kinafaa kwa kazi ya kuandika tu?
*Mwandishi wa hadithi*

Kipo, na si kile ambacho wakusanyaji wanakisifu zaidi. Wengi watakutajia TRS-80 Model 100 ya mwaka 1983, na ni kweli kwamba waandishi wa habari waliipenda: ilitumia betri nne za AA, kibodi yake ilikuwa ya ukubwa kamili, na modemu iliyomo ndani iliwawezesha kutuma habari kwa njia ya simu. Lakini skrini yake ina mistari minane tu ya herufi 40, na leo kuyatoa maandishi humo ni mradi unaojitegemea.

Mimi ningekushauri AlphaSmart Neo. Ilitoka mwaka 2004 na utengenezaji wake ukakoma mwaka 2013. Ni kibodi kamili yenye skrini ndogo ya kijivu juu yake, haina intaneti, na watengenezaji walisema betri zake tatu za AA zinahimili saa 700. Ubora wake mkubwa unaonekana unapomaliza kuandika. Unaichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa USB, na kompyuta inaidhani ni kibodi ya kawaida. Ukibonyeza kitufe cha kutuma, Neo inaanza kuyachapa maandishi yako yenyewe, herufi baada ya herufi, kwenye ukurasa wowote uliofunguliwa. Sura ndefu huchukua dakika kadhaa, nawe unakaa ukitazama kana kwamba mtu asiyeonekana anaichapa. Inapotuma kwa njia hiyo haihitaji programu maalumu upande wa kompyuta, ndiyo maana haijapitwa na wakati, ilhali vifaa vya bei kubwa kuliko yake vimebaki mapambo.

Ninazo simu mbili za BlackBerry na Toshiba Libretto, ile kompyuta mpakato ndogo. Zote zilikuwa zinafanya kazi nilipoziweka kabatini. Je, nikizitoa nitaweza kuzitumia kwa simu na intaneti kama zamani, na nizihifadhi vipi?
*Msomaji wa siku nyingi*

Kuzitumia kama zamani, hapana. Tarehe 4 Januari 2022 kampuni ya BlackBerry ilizima huduma zilizotegemewa na simu zake za mifumo ya BlackBerry OS na BlackBerry 10, na tangu hapo hata kupiga simu au kutuma ujumbe mfupi hakuna uhakika, ijapokuwa kifaa chenyewe ni kizima. Zile tu zinazotumia Android ndizo zilizosalimika. Libretto, ambayo ya kwanza ilitoka mwaka 1996 ikiwa na uzito wa gramu 840, haina huduma ya kuzimiwa, lakini kivinjari chake hakielewi njia za usimbaji zinazotumiwa na tovuti za sasa, kwa hiyo kurasa nyingi hazitafunguka. Michezo na programu za kuandika za wakati wake zitafanya kazi bila kumwomba mtu ruhusa.

Kuhusu kuhifadhi, anza na betri, leo kabla ya kesho. Toa betri zote za lithiamu. Iliyovimba, hata kidogo, usiichaji, usiitoboe wala usiibonyeze ili irudi ndani. Ipeleke panapokusanywa taka za elektroniki. Kwa vifaa vya betri za kawaida, angalia kama zimevuja: unga mweupe kwenye chemba ni mabaki ya alkali, nao hufutwa kwa kijiti cha pamba kilicholowanishwa siki kidogo, kisha kwa spiriti, na kuachwa pakauke kabisa. Ngozi ya mpira iliyoanza kunata, ambayo ni ugonjwa wa vifaa vingi vya miaka ile, hutoka pia kwa spiriti na uvumilivu, ingawa maandishi yaliyochapwa juu yake yataondoka nayo.

Libretto usiiwashe mara tu baada ya kuitoa kabatini. Ina betri nyingine ndogo inayotunza saa, na hiyo ikivuja hula ubao wa ndani kimyakimya. Mwombe fundi aifungue na kuitoa kwanza, na wakati huohuo anakili diski, kwa kuwa diski za umri huo hukubali kusomwa mara chache za mwisho, na ni bora moja ya hizo iwe ya kutengeneza nakala.