Kwa Wanaoanza Kusoma Takwimu za Warushaji wa Besiboli

Msimu wa kiangazi, mechi inayoanza saa moja jioni mjini New York huanza hapa Mombasa saa nane usiku, na ndiyo sababu wengi wetu huisoma asubuhi kwenye jedwali la matokeo badala ya kuitazama. Kwa kuwa tarakimu ndizo macho yetu, nawasihi mnaoanza mzikokotoe kwa mikono yenu kabla ya kuziamini.

Anzeni na ERA, yaani wastani wa mikimbio (alama ambazo wapinzani hufunga kwa kuzunguka vituo vyote) anayodaiwa mrushaji kwa kila iningi tisa. Mikimbio hiyo huzidishwa kwa 9, kisha hugawanywa kwa iningi alizorusha. Mwaka 1968 mrushaji Bob Gibson wa timu ya St. Louis alidaiwa mikimbio 38 katika iningi 304 na theluthi mbili. 38 mara 9 ni 342, na ukigawanya kwa 304.67 unapata 1.12. Jedwali, hata hivyo, huandika iningi hizo 304.2, na hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza. Iningi moja huisha wapigaji watatu wakitolewa, kwa hiyo tarakimu iliyo baada ya nukta huhesabu waliotolewa, wala si sehemu za kumi. Aliyezoea kuandika alama za kriketi hataona ajabu, maana ova 4.2 nazo ni ova (mafungu ya mipira sita) nne na mipira miwili.

Kugawanya ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kuamua mkimbio upi anadaiwa nani. Mlinzi akiangusha mpira ambao ungemtoa mtu wa tatu, mwandishi rasmi wa alama huihesabu iningi kana kwamba ilikwishia pale, na mikimbio inayofuata haiingii katika ERA ya mrushaji huyo. Lakini mrushaji akibadilishwa huku amemwacha mkimbiaji kwenye kituo cha pili, kisha mpira wa mrushaji wa akiba ukapigwa na mkimbiaji yule akafika kituo cha nyumbani, deni ni la aliyeondoka. Kwangu mimi hilo ni pungufu kubwa, kwa sababu mrushaji wa akiba anaweza kuharibu kazi ya mwenzake huku takwimu zake zikibaki safi. Msimpime kwa ERA peke yake.

WHIP ni rahisi zaidi: jumlisha mipigo aliyoruhusu na vituo vya bure alivyotoa kwa mipira minne mibaya, kisha ugawanye kwa iningi. Pedro Martínez, mwaka 2000, alikuwa na mipigo 128 na vituo vya bure 32 katika iningi 217, yaani 0.737. Mpigaji aliyegongwa na mpira hahesabiwi humo.

Safu ya ushindi na kushindwa isomeni mwisho, kwani hutegemea pia mikimbio ambayo timu humfungia mrushaji wake. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa New York Mets alishinda mechi 10 tu na kushindwa 9, ilhali ERA yake ilikuwa 1.70, na wapiga kura 29 kati ya 30 walimweka wa kwanza katika tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora wa ligi yake.