Muulize Mjomba: Madogo wananicheka, niache au niendelee?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi ni fundi pikipiki hapa Mbagala, nina miaka 26. Mwalimu wa nidhamu wa sekondari nliyosoma kaniomba niwe naongea na madogo wa fomu tuu maana wana bifu na shule ya jirani, yaani wakitoka tu wanaviziana kule stendi ya Rangi Tatu, mawe, mikanda, juzi mmoja kakutwa na bisibisi imenolewa kwenye begi. Nimeenda mara mbili nikasimama mstarini nikawaambia hata mi nlikua mkorofi mpaka nikafukuzwa fomu srii, wakacheka tu na mmoja akaniita "mchungaji". Afu wanachapwa kila siku na hawabadiliki. Niache?

JIBU: Marahaba mpwa. Usiache, ila mstarini usirudi tena. Pale mbele ya wenzake hakuna dogo atakayekuonyesha kwamba umemgusa, lazima acheke, hata we enzi zako ungecheka.

Hiyo bisibisi we unaijua kuliko mwalimu. Waombe wawili watatu waje gereji Jumamosi, mlango wazi na wazazi wao wanajua wako wapi, mpe mmoja plagi na msasa asafishe, usimuulize kitu chochote, piga stori za Simba na Yanga, wiki ya tatu au ya nne hivi ataanza mwenyewe kukwambia nani alimpiga nani na ilianzia wapi, na mara nyingi utakuta ilianza na simu iliyoporwa au demu au tusi la kwenye grupu la WhatsApp. Ukishajua ilipoanzia ndo unaweza kumtafuta na yule wa upande wa pili. Na ile saa wanayotoka shule uwepo hapo stendi, hata na soda yako tu. Ugomvi una saa yake bana, semina za tisheti na maji ya chupa huwa zinafanyika asubuhi.

Usimuahidi siri ya kila kitu. Mwambie mapema: ya kwako ntatunza, ila nikisikia mtu anaenda kuumizwa au we unaumizwa nyumbani, hilo ntalipeleka. Ukilipeleka, anza na mwalimu, likizidi kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure.

Kuhusu fimbo, muone mwalimu pembeni umwambie kwa heshima. Kanuni za huku Tanzania zinataka kiboko kitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi 4, na viandikwe kitabuni, sasa hiyo ya kila siku inatoka wapi? Dogo anayechapwa asubuhi anatafuta wa kumrudishia jioni. Mwaka 2022 Panya Road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, walipotusumbua Dar watu walishangaa kuona wengine bado watoto kabisa, mi nlichojiuliza ni nani alikua anakaa nao kabla hawajapewa hayo mapanga.

Na wewe hilo la kufukuzwa usilifanye ndo hotuba, wanalipenda hilo, wanaona kumbe mtu anafukuzwa na bado anakua na gereji. Waambie ilivyokua kutafuta kazi bila cheti.

Huyo anayekuita mchungaji ndo uanze nae. Wengine wanamuangalia yeye kabla hawajacheka.