Waanzishe Wao, Sisi Tuitikie

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: wazee waliopigana vita wanazidi kupungua, tuwashukuru vipi wangali hai? Najua wengi watajibu kuhusu pensheni na matibabu, na wote nawaunga mkono kwa moyo wangu wote, maana wimbo haununui dawa ya presha. Lakini mimi ni mwalimu wa kwaya, huku Ukonga, Dar es Salaam, mwaka wa kumi na tisa sasa, na nitajibu kwa lile ninalolijua. Tuwaombe nyimbo zao. Tujifunze. Kisha wao waanzishe, sisi tuitikie.

Sijasema tuwaimbie. Nimesema tuwaitikie, na tofauti yake niliijua makaburini.

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli Buguruni. Novemba 2, 1978, Mwalimu Nyerere alipoliambia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Idi Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, Baba alikuwa kibandani kwake, redio ya jirani imefunguliwa mpaka mwisho. Mwaka haujaisha alikuwa ameshaondoka na mgambo wenzake kwenda Vita vya Kagera, dhidi ya huyo Amin aliyetawala Uganda. Jeshi letu wakati ule lilikuwa na watu wasiofika 50,000. Katika miezi michache likavuka 100,000, kwa kuingiza mgambo, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Mafundi baiskeli, wakulima, makarani, wauza samaki. Watu hao ndio tunaowazungumzia hapa.

Nilikuwa mtoto mdogo aliporudi. Hakuwahi kutusimulia vita. Alichokuja nacho ni sauti moja tu, aliyokuwa akiiguna puani anaponyoosha spoku za baiskeli. Kipande kifupi, cha kushuka. Halafu ananyamaza kidogo. Halafu kile kile tena. Nilipokuwa binti nimeshaanza kuimba kwaya, nilimuuliza, "Baba, huo wimbo mbona huumalizi? Umeusahau?" Akasema, "Ni wimbo wa safari tu, mama." Akaendelea na tairi lake.

Alifariki mwaka 2013. Tulipomaliza kuweka maua, wazee sita niliowajua kwa sura tu walijipanga mstari mmoja kando ya kaburi. Mmoja wao, sauti yake imekwaruza kama mlango wa zamani, akaanzisha chenja, wimbo wa jeshini. Watano wakajibu, na jibu lao lilikuwa kile kipande cha Baba. Chote, na maneno yake: viatu vimekwisha, njia haijaisha. Mzee anatupa mstari mrefu, wale wanajibu kwa ufupi, na katikati ya jibu na jibu ndipo palipokuwa na ule ukimya wa Baba. Kumbe hakuwa amesahau kitu. Alikuwa mwitikiaji. Miaka yote ile pale kibandani alikuwa anamsubiri mwanzishaji.

Samahani, nimekaa sana hapo, lakini jibu langu lote linatoka hapo.

Kwa vijana ambao hawakupita jeshini, chenja ni nyimbo za mwendo: mmoja anaanzisha, kombania nzima inajibu, miguu ndiyo ngoma. Zilikuwa na kazi. Jeshi letu lilikwenda Uganda kwa sehemu kubwa kwa miguu. Daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa na askari wa Amin. Ng'ambo ya Mto Kagera ikaja Mutukula Januari 1979, Masaka Februari, Lukaya Machi walikokutana na Walibya, mpaka Kampala Aprili 11. Fungueni ramani mpime umbali huo, kisha mfikirie mtu aliyebeba bunduki, risasi, koleo la kuchimbia handaki na chakula chake. Mimi kama mwalimu wa muziki naona ufundi mkubwa ndani ya nyimbo hizo. Jibu ni fupi kwa sababu aliyechoka hana pumzi ya mstari mrefu. Linashuka badala ya kupanda, kwa sababu kushuka ni rahisi kwa koo kavu. Na mwanzishaji alibadilishwa njiani, asikauke mtu mmoja. Nyimbo hizi zilitungwa na watu waliojua mwili unavyochoka.

Mwaka uliofuata mtaa wetu uliandaa sherehe ya Siku ya Mashujaa, Julai 25. Nia ilikuwa njema kabisa na mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kamati. Tukakodi muziki mnene, spika zimepangwa mpaka juu ya turubai. Wazee kumi na mmoja tukawaketisha mstari wa mbele kwa heshima, yaani mbele kabisa ya spika. Kwaya yangu ikaimba wimbo nilioutunga, sauti nne, wa kuwasifu. Wakapiga makofi. Muziki ulipoendelea, mmoja baada ya mwingine akaanza kuaga, na pilau lilipopakuliwa walibaki watatu. Nilimfuata mmoja hadi barabarani, nikamwomba radhi. Akanionyesha sikio lake. "Mwanangu, hili nililiacha Uganda."

Alikuwa kikosi cha mizinga, kwenye yale makombora ya mfululizo ambayo Waganda waliyapa jina la Saba Saba. Sikio lililopigwa na mshindo mkubwa kwa muda mrefu hupoteza kwanza sauti nyembamba. Sauti nzito hubaki. Lakini sikio hilo hilo sauti ikizidi kiwango huumia upesi kuliko sikio zima. Kwa hiyo wimbo wangu wa kuwasifu ulikuwa na sauti ya kwanza, ile nyembamba kuliko zote, ambayo baadhi yao hawakuisikia sawasawa, kisha spika zikawaumiza. Mtu alinusurika na makombora ya adui, na sisi tukaja kumwumiza kwa shukrani.

Tangu siku hiyo nimeacha kuwatungia. Tunakwenda nyumbani kwao, waimbaji wanne au watano, bila kinanda na bila kipaza sauti. Shikamoo zikiisha na chai ikija, tunauliza jambo moja tu: "Mzee, njiani mlikuwa mnaimba nini?" Wengi husema wamesahau. Tunakaa. Wengine wanaanza kwa mguu kabla ya mdomo. Unaona kisigino kinapiga sakafu, nasi tunakifuata taratibu kwa viganja mapajani, mpaka maneno yanakuja yenyewe. Wimbo ulioimbwa na mtu akiwa na miaka 20 hukaa ndani kuliko vitu vingi vya baadaye. Mzee mmoja wa Kipunguni alipata kiharusi, maneno ya kawaida hayatoki, hata kumwita mkewe anashindwa. Tulipoanza kujibizana wimbo tuliofundishwa na rafiki yake, alijibu mstari mzima, maneno yamenyooka. Mkewe aliweka sinia chini, akaketi pale pale sakafuni. Madaktari wanalijua jambo hili, kwamba kuimba na kusema havipiti njia moja kichwani. Mimi nimeliona kwa macho yangu na sitalisahau.

Yapo ya kiufundi ambayo wenye kwaya mtayahitaji. Shusheni sauti, koo la miaka 70 haliwezi kuanzia pale mlipozoea, na wakianza chini sana msiwavute juu, wafuateni. Sauti ya tatu na ya nne, zile nzito za wanaume, ndizo ziwe karibu na mzee. Msiwasahihishe maneno. Nimekuta wazee wawili wa kikosi kimoja wenye maneno tofauti kwa wimbo ule ule, na kila mmoja ana sababu yake. Tunaandika yote mawili. Kwenye simu tunarekodi kwa ruhusa tu, na nakala ya kwanza ni ya familia.

Na si kila mzee anataka vita virudi. Mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Ule wimbo, mwenyewe alibaki Lukaya." Basi. Tukanywa chai, tukazungumza habari za mpira, tukaondoka. Mwingine hakutaka chenja hata moja, alitaka dansi. Alituambia jinsi habari za kifo cha Mbaraka Mwinshehe, yule mwanamuziki wa gitaa wa Morogoro, zilivyowafikia kule mpakani, Januari 1979, kupitia redio, na kambi nzima ikanyamaza. Kwake yeye vita ni siku ile. Tukamtafutia mpiga gitaa wa mtaani, kijana wa miaka 24, akapiga zile nyuzi za Morogoro uani kwa mzee mpaka jua likazama, na mzee akicheza amekaa kitini, mabega tu. Bendi za miaka ile, zikiwemo za majeshi yenyewe, Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi, JWTZ, na Kimulimuli ya JKT, ni sehemu ya deni hili. Tusidhani mwanajeshi aliishi kwa gwaride peke yake.

Kuna swali la nyimbo za matusi, nalo naulizwa sana na wazazi wa wanakwaya. Kila aliyesoma shule ya msingi hapa Tanzania anaujua ule wa mchakamchaka unaomtupa Amin mtoni awe chakula cha mamba. Tuliuimba alfajiri tukiwa na miaka minane, wala hatukujua mto wenyewe uko wapi. Maoni yangu ni kwamba tusiufiche. Tuuimbe mbele ya mzee aliyevuka mto huo, kisha watoto wamuulize. Mara mbili nimesikia mzee akiwajibu kwamba Waganda hawakuwa adui, kwamba wapo Waganda waliopigana bega kwa bega nao, na kwamba katika vijiji alivyopita kina mama walitoka na ndizi. Hapo mtoto anajifunza kuliko darasani.

Serikali ina namna yake ya kushukuru nami naiheshimu. Nimesimama Mnazi Mmoja nikaona mkuki na ngao vikiwekwa kwenye mnara, mashada ya maua, buruji ikalia, na mwili ukasisimka. Lakini heshima ile ni ya waliolala kwenye makaburi ya mashujaa, wa Kaboya kule Kagera, wa Naliendele kule Mtwara. Aliye hai anahitaji kitu cha kuitika.

Na muda hautungoji. Angalieni mji huu wenyewe. Pale katikati, sanamu ya Askari imesimama tangu 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza. Kariakoo, tunakonunua nyanya na vitenge, imebeba jina la wale wapagazi, Carrier Corps, waliokufa kwa maelfu njiani kwa njaa na homa. Jina lao tunalitaja kila siku kwenye daladala. Ni nani kati yetu anayeweza kuimba wimbo wao mmoja? Askari wa vita vile walieneza ngoma ya beni pwani yote na bara, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana kwa ngoma na gwaride. Leo yanayojulikana kuhusu beni tunayasoma zaidi kuliko tunavyoyaimba. Kisha keya, yaani askari wa jeshi la Waingereza la King's African Rifles (KAR), wakapelekwa Madagascar na Burma katika Vita vya Pili. Babu mzaa mama alikuwa mmoja wao, na alipokufa mimi nilikuwa na kwaya tayari, nafundisha nyimbo za watu wengine kila Jumamosi, hatua mia mbili kutoka kitandani kwake. Sikumuuliza. Hili linaniuma mpaka leo.

Waliopigana Kagera wakiwa vijana wa miaka 20 sasa wamevuka 65, na makamanda wao wengi wameshatangulia. Chenja nilizozisikia hazikupita studio yoyote. Pale Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Julius Nyerere, Radio Tanzania ilirekodi bendi na kwaya nyingi na tunashukuru kanda zile zipo. Lakini nani angebeba mashine ya kurekodia kwenye tope la Masaka? Zimebaki kwenye visigino na magoti ya wazee, na kila mwezi tunamzika mmoja.

Kwa hiyo wenzangu wenye kwaya, vikundi vya taarabu, skauti, madrasa, bendi za mchiriku, hata nyinyi vijana mnaotengeneza midundo chumbani kwa kompyuta: yupo mzee mtaani kwenu. Mjumbe wa nyumba kumi anamjua. Nendeni asubuhi, kabla jua halijawa kali, na mbebe sukari na majani ya chai ili msiwe mzigo kwa mama wa nyumba. Naye muulizeni, kwa sababu kina mama waliobaki walikuwa na nyimbo zao za kusubiri, na hizo nimeanza kuzikusanya juzi tu. Nimechelewa.

Kwenye daftari langu nina chenja ishirini na tatu. Wa Baba ni wa kwanza, nimeuandika kwa nota, na palipokuwa na ukimya wake nimeandika mstari wa mwanzishaji kama alivyonipa yule mzee wa sauti ya kukwaruza, ambaye naye tulimzika mwaka juzi, na safari ile tulikuwa arobaini wa kuitikia.

Jumamosi hii tunakwenda Gongo la Mboto. Yule mzee wa Lukaya ametuma mjukuu aseme tufike kabla ya saa nne, na tusije wengi.