Uliza Fundi: Mlango wa mashine ya kufulia umegoma

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Mwanga hapa Kigoma, nina mashine ya kufulia ile ya mlango wa mbele. Jumamosi niliweka sare za watoto, ikafua vizuri tu, ilipofika kwenye kumwaga maji umeme ukakatika. Uliporudi ikaguna kidogo ikanyamaza, na mlango haufunguki mpaka leo siku ya tatu, taa ndogo yenye alama ya kufuli inawaka tu. Baba watoto keshashika bisibisi anataka abandue, nimemwambia subiri kwanza nimuulize fundi. Kitasa ndo kimekufa?

JIBU: Marahaba mwanangu, na umefanya la maana kuzuia hiyo bisibisi, maana milango mingi ninayoletewa hapa imeuliwa na mkono wa mtu, sio na ubovu. Kitasa chako nina imani ni kizima, yani kinafanya kazi yake ilivyotakiwa, kinakataa kufunguka kwa sababu ndani bado kuna maji.

Ngoja nikueleze kinavyofanya kazi. Mashine nyingi za mlango wa mbele, ndani ya kitasa kuna kihita kidogo na kibati cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Ukibonyeza kuanza, kihita kinapata moto, kile kibati kinapinda, kinasukuma kipini kinachobana mlango, hapo ndo unasikia "ta". Ukizima, lazima kipoe kwanza ndo kiachie, kama dakika moja mpaka tatu hivi. Kwa hiyo mtu anayevuta mlango sekunde kumi baada ya kufua anavunja mkono wa mlango bure kabisa. Ila kwako siku tatu zimepita, kwa hiyo hatuzungumzii kupoa tena, tunazungumzia maji, na usidanganywe na kioo, maji yanaweza yakawa chini ya usawa wa kioo usiyaone na bado mashine inajua yapo.

Chomoa waya kwenye soketi. Sio kuzima swichi, chomoa. Kama ulifulia maji ya moto na ndo kwanza imesimama subiri yapoe, wako yameshapoa zamani. Pale chini mbele, mara nyingi kona ya kulia, kuna kimlango kidogo, fungua utaona filta ya pampu, na baadhi ya mashine zina kampira kembamba pembeni yake ka kutolea maji. Tandika matambara, weka sinia, maana ndoo haiingii pale, toa maji kidogo kidogo unafunga unamwaga unarudia. Yakiisha zungusha filta kinyume cha saa uitoe. Wiki iliyopita nilitoa filta ya mteja mmoja wa huku Kibirizi nikakuta mchanga wa ziwani umeganda kama uji, kishikizo cha shati, pini mbili za nywele na sarafu ya shilingi 50, na pini moja ilikuwa imejikunja kwenye panga la pampu, lile linalozunguka kusukuma maji, pampu haizunguki kabisa. Ingiza kidole taratibu upapase lile panga, ukikuta uzi au nywele vuta. Watoto wakitoka kuogelea kung'uteni nguo nje kwanza jamani, mchanga ule unaua pampu.

Ukimaliza rudisha filta, chomeka umeme, chagua kukamua peke yake. Ikimwaga na ikamaliza, mlango utaachia wenyewe. Ikigoma bado, chomoa tena uangalie humo humo kwenye kimlango cha filta, mashine nyingine zina kautepe ka plastiki, mara nyingi rangi ya chungwa au nyekundu, ukikavuta chini mlango unafunguka. Sio zote zinako, usilazimishe. Na kama ni mkono wa mlango ndo umekatika, chukua mshipi wa kuvulia samaki, upitishe kwenye ufa kati ya mlango na bodi ya mashine upande wa kitasa, vuta ncha zote mbili kwa pamoja, ndoano ya mlango, ile inayoingia kwenye tundu la kitasa, inarudi nyuma mlango unaachia, mashine nyingi inakubali.

SWALI: Habari fundi, niko Isevya, Tabora. Yangu ni kinyume, mlango haujiloki, inaandika dE. Nimeshabadilisha kitasa bado tatizo lile lile. Fundi wa mtaani ameunganisha waya za kitasa moja kwa moja na sasa inafua. Kuna shida?

JIBU: Ndugu yangu shida ipo, tena kubwa. Pipa likikamua linafika mizunguko 1,000 mpaka 1,400 kwa dakika, na sasa mlango wako unafunguka hata likiwa linazunguka. Mtoto akiingiza mkono pale hakuna cha kuokoa.

Na kitasa ulinunua bila kupimiwa. dE ni alama ya hitilafu ya mlango, ila mlango sio kitasa peke yake. Nyanyua mlango ukiwa wazi, ukicheza juu chini bawaba imelegea, ndoano haiingii katikati ya tundu, tazama utaona imekwaruza pembeni. Angalia ncha ya ndoano kama imelika, na kama springi yake ipo. Afu sikiliza ukibonyeza kuanza. Ikilia "ta" na bado inaandika dE, kagua swichi ya ndani ya kitasa na waya inayopeleka taarifa. Kama hailii, fundi apime kwa mita kama moto unafika kwenye kitasa, hapa kwetu ni kama volti 230. Unafika na hakiloki, kitasa kibovu hata kama ni kipya. Haufiki, afuate waya mpaka kwenye bodi ya umeme inayoongoza mashine. Na umeme wa nyumbani ukiwa mdogo sana kihita hakipati joto la kutosha, kwa hiyo apime na soketi pia, tena usiku watu wakiwa wanapika.

Leo hii mwambie arudi atoe ule muunganisho. Mpaka hapo iwe imechomolewa, fueni kwa mkono.