Jibu: Vipuri vya injini ya kifaru Vickers Mk 3

Ndugu, umeuliza kama vipuri vya injini ya Vickers Mk 3 hupatikana Mombasa. Naam, vingi. Injini yake ni Detroit Diesel 12V-71T, ya mipigo miwili, nguvu farasi 720. Ukoo huohuo wa 71 huendesha matagi (meli za kuvuta meli nyingine) na jenereta, na mafundi wa meli Kilindini wanaujua.

Ila iangalie sana hiyo T, yaani tabo, kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini! Pistoni za injini isiyo na tabo hupandisha mgandamizo kutoka 17:1 hadi 18.7:1, shinikizo likizidi, pistoni huweza kupasuka. Injekta nayo, kinyunyizio cha mafuta, soma kwanza kibati chake cha duara kinachotaja aina yake, ndipo ulipe. Oili ni SAE 40 tupu, ya daraja moja la uzito.

Giaboksi ya TN12 ni ya ukoo wa kifaru cha Kiingereza Chieftain, itafute Uingereza.